Gari la Chuma na Gari la Karatasi



Juzijuzi nilikuwa kwenye foleni ya gesi ya magari pale Ubungo, saa mbili kasorobo usiku. Mbele yangu bajaji zimejipanga hadi nje ya geti, na katikati yao Passo moja nyeupe. Wewe unayetumia petroli huijui adha hii, kwa hiyo nikueleze. Zamu yako ikifika unazima gari, unafungua boneti, na kila aliyemo anashuka. Hata bibi mwenye mguu mbaya anashuka, anakwenda kusimama kule pembeni. Mhudumu anachomeka mpira, geji inaanza kupanda, na ninyi mmesimama mnaliangalia gari lenu kama ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji.

Nilisimama na kijana mwenye Passo. Anabeba abiria wa kuita kwa simu, na gesi kafunga tangu mwaka jana. Nikamuuliza, kwa kupoteza muda tu, kama watu wa bima wanajua ana mtungi kwenye buti. Akacheka. "Mzee, bima wanajua namba ya gari. Trafiki akiingiza namba kwenye simu yake anaona bima ipo hai. Mtungi unawahusu nini?"

Nimekaa na jibu hilo siku tatu, ndiyo maana leo nimeliacha nililokuwa nimeliandaa.

Kila mwenye gari hapa mjini ana magari mawili. La kwanza ni la chuma, hilo unaloliosha Jumapili. La pili ni la karatasi, na linaishi kwenye kadi ya TRA na kwenye faili la kampuni ya bima. La karatasi lina rangi yake, namba ya chesesi, namba ya injini, ukubwa wa injini, aina ya mafuta, idadi ya siti, uzito. Siku unalitoa bandarini, la chuma na la karatasi ni pacha. Halafu anaingia fundi. Leo rimu, kesho muziki, mwezi ujao springi, mwakani injini ya mtumba kutoka Gerezani kwa sababu ile ya zamani imeanza kula oili. La chuma linabadilika, la karatasi limelala palepale. Na siku ya ajali, msikilizaji, linalolipwa ni lile la karatasi.

Sisemi watu wasibadilishe magari. Nchi hii inapenda gari lililoguswa na mkono wa mwenyewe. Land Cruiser tumeipa jina la mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo, na hakuna anayeiona ni kioja. Ninachosema ni kwamba mabadiliko hayana uzito mmoja. Kava la siti na marashi ya kwenye dashibodi hayamsumbui mtu. Kuna kinachoongeza thamani ya gari, kuna kinachoongeza hatari, na kuna kinachobadilisha kazi ya gari bila kugusa hata nati moja. Hicho cha mwisho ndicho wengi hawakihesabu kabisa. Kijana wangu wa Passo ana namba ya njano, namba ya gari binafsi. Bima yake ni ya gari binafsi. Lakini tangu alfajiri anabeba watu kwa malipo. Mtungi wake tungeweza kuujadili. Hilo la abiria halina hata mjadala, gari la karatasi linakwenda kazini na kurudi, la chuma linalala saa saba usiku.

Hebu niwapeleke kwenye tukio moja nililolishuhudia kwa karibu, kwa sababu niliombwa kusaidia kuandika barua zake.

Kijana wa mtaani kwetu alinunua Crown. Akalikatia bima kubwa, thamani milioni 20. Kwa asilimia 3.5 hiyo ni shilingi 700,000, ongeza VAT, ikafika 826,000, akalipa bila kunung'unika, jambo la kheri kwa umri wake. Baadaye akalishusha gari, akavaa rimu za inchi 19, akafunga muziki. Muziki na rimu peke yake vilikula milioni nne. Usiku mmoja akitoka Kigamboni moshi ukaanza kutoka nyuma ya dashibodi. Akaruka nje salama. Gari likaungua hadi siti za nyuma.

Kampuni ikamtuma mkadiria hasara. Mtu mpole, suruali ya kaki, glavu mkononi na tochi ndogo. Sisi tulidhani atahesabu vilivyoungua. Hakuhesabu. Alipiga magoti upande wa betri, akafuata waya mmoja mwekundu mnene kwa vidole, taratibu, kama mtu anayefuata mshipa. Waya ulitoka kwenye betri, ukapenya ukuta wa bati unaotenga injini na ndani ya gari, ukaenda hadi kwenye amplifaya. Pale ulipopenya palikuwa na tundu lililotobolewa kwa drili, kingo zake kali kama wembe, hakuna mpira wa kinga. Na kutoka kwenye betri hadi mwisho wa safari ya waya ule hapakuwa na fyuzi hata moja.

Mwenye kujua umeme wa magari ameshaelewa. Betri ya volti 12 haitakupiga shoti, ila ikikutana na bati moja kwa moja inamwaga ampea mamia kwa mara moja, na waya unageuka koili ya jiko. Gari linatetemeka kila siku, bati linasaga plastiki ya waya polepole, miezi inapita. Fyuzi ya shilingi elfu chache, iliyofungwa karibu kabisa na betri, ingekatika na kijana angekosa muziki tu. Yule bwana akapiga picha tatu, akafuta glavu, akatuaga vizuri sana.

Barua zilichukua miezi minane. Kampuni ilisema mfumo wa muziki haukutajwa, na ndio ulioleta moto. Mwisho wakalipa zaidi kidogo ya nusu ya thamani iliyo kwenye karatasi. Rimu na muziki, hata senti. Hapo sina ugomvi nao: hukuvitaja, hukuvilipia, havimo. Kwenye hiyo nusu iliyobaki ndipo nina neno, na nitalirudia.

Kwanza kanuni. Mkataba wa bima haufanani na kununua viazi sokoni, ambapo jicho lako ndilo mlinzi wako. Kwenye bima, mwenye kulijua gari ni wewe, na kampuni inakutegemea useme. Jambo lolote ambalo lingemfanya mtu wa bima akatae, au apandishe bei, unatakiwa kulitoa. Na hapa ndipo panapowachoma wengi: kwa kanuni kavu, kampuni haina haja ya kuthibitisha kwamba ulichoficha ndicho kilicholeta ajali. Unaweza kugongwa kwa nyuma umesimama kwenye taa, na bado wakaja na hoja ya injini uliyoibadili bila kusema. Wenye busara huwa hawafiki huko. Lakini mlango upo wazi, na ukiwa wazi kuna siku mtu atapita.

Kanuni hii imelitangulia gari lenyewe. Mawakili hupenda kuitaja kesi ya mwaka 1766 kule London, mbele ya Jaji Mansfield. Gavana wa ngome ya Waingereza huko Sumatra aliikatia ngome yake bima isije ikatekwa na adui. Wafaransa wakaja, wakaiteka. Mwenye kulipa akagoma: hukuniambia ngome ni dhaifu, hukuniambia Wafaransa wako jirani. Mansfield akaandika maneno mazito juu ya uaminifu kati ya pande mbili za bima, na maneno hayo ndiyo yanayonukuliwa hadi leo kila madai yanapokataliwa. Kinachosahaulika ni mwisho wa kesi: gavana alishinda! Mahakama iliona kwamba aliyeuza bima aliyajua, au angeweza kuyajua kwa kuuliza, na hakuuliza. Akapokea pesa akanyamaza, kisha hasara ilipotokea ndipo kumbukumbu ikamrudia.

Sasa nirudi kwa kijana wa Crown. Unajua alikata bima vipi? Wakala alimwandikia kwenye WhatsApp: "Tuma picha ya kadi na muamala." Dakika kumi, bima ikawa hai. Ile fomu ya maombi, yenye maswali ya gari lina nini na linafanya kazi gani, ilijazwa na wakala mwenyewe, na kila swali la mabadiliko likawekwa "hapana". Hakuna aliyeliona gari. Hakuna aliyeuliza. Ila siku ya kulipa, mtaalamu alipatikana, na glavu, na tochi. Kampuni yenye uwezo wa kumtuma mtu akapige magoti kwenye majivu ilishindwa nini kumtuma mtu yuleyule gari likiwa bado linang'aa? Waingereza wenyewe, waliotuachia kanuni hii, waliilegeza kwa sheria ya mwaka 2012: mteja wa kawaida anatakiwa kujibu kwa uangalifu na ukweli anachoulizwa, si kubuni kichwani kwake kampuni ingependa kujua nini. Kwetu mzigo mkubwa bado uko begani mwa mteja. Mimi naona si haki, na nasema hivyo nikijua kesho nitapigiwa simu na marafiki zangu wa kwenye bima.

Kama yamekukuta, usiishie kulaani barazani. Kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kuna TIRA yenyewe, mamlaka inayosimamia kampuni hizi. Nenda na karatasi.

Wenye bima ndogo, ile ya shilingi 118,000, najua mnasema haya hayatuhusu. Yanawahusu. Bima ile inamlinda uliyemgonga, na sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, ilitungwa kwa ajili yake huyo. Haikusudiwi mama aliyegongwa na gari lako abebeshwe dhambi ya springi zako. Lakini kampuni ikishamlipa kwa kubanwa na sheria, inaweza kugeuka na kukudai wewe ilichokitoa, kama ulivunja masharti. Mwathirika amepona, deni limehamia nyumbani kwako.

Barabarani nako. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ina mengi, na trafiki wana macho ya ving'ora, vimulimuli na taa zinazompofua anayekuja mbele. Hayo yanaonekana, sina haja ya kuyapigia kelele. Nitaje moja lisiloonekana, la matairi. Gari limetoka kiwandani na tairi ya 175/65 R14. Wewe unataka liwe juu kidogo, barabara za kwetu unazijua, unavaa 195/65 R15. Tairi mpya ni kubwa kwa karibu asilimia tisa. Mzunguko mmoja unakwenda mbali zaidi, lakini mshale wa spidi haujaambiwa, unaendelea kuhesabu mizunguko kama zamani. Ukisoma 50 kwenye dashibodi, barabarani uko 54. Ukisoma 55, uko 60. Unapita kijijini umetulia, unajiona raia mwema, tochi ya trafiki ya kupima spidi inakumulika, unaandikiwa 30,000, unaapa kwa Mungu afande amekuonea. Hajakuonea. Mmesoma vitu viwili tofauti. Na tuseme ni ajali badala ya tochi: mkaguzi wa magari wa polisi ataandika saizi ya tairi kwenye ripoti yake, na ripoti ile itafika kwenye faili la bima.

Injini ya mtumba nayo ni hivyohivyo. Kubadili injini si kosa. Kosa ni namba ya injini kwenye kadi kuwa ya chuma kilichokwishauzwa skrepa. Mtu hakumbuki mpaka siku anauza gari, au, mbaya zaidi, siku anaambiwa injini aliyonayo ilitoka kwenye gari lililoibwa.

Turudi Ubungo, kwenye gesi, maana hayo ndiyo mabadiliko makubwa ya magari yanayotokea Dar es Salaam sasa hivi. Sababu inaeleweka hata kwa mtoto. Kilo ya gesi imekuwa ikiuzwa chini kidogo ya shilingi 1,600, wakati lita ya petroli imekuwa ikicheza karibu na 3,000. Gesi yenyewe ni yetu, ya Songo Songo na Mtwara. Chuo cha DIT wanafunga mfumo wake, na karakana binafsi nyingi zimefunguliwa. Mimi mwenyewe nimefunga. Sijutii.

Ila tujue tumebeba nini. Tairi la gari lako lina presha ya bar mbili na kidogo. Mtungi wa gesi ya gari ukijaa una bar 200, karibu mara 90 ya tairi. Usiufananishe na mtungi wa jikoni, ambao haufiki hata bar 20, na tabia zao ni tofauti: gesi ya kupikia ni nzito, ikivuja inatambaa chini sakafuni, hii ya magari ni nyepesi kuliko hewa, inapanda na kutawanyika, na hiyo ni nafuu yake kubwa mradi ipate pa kutokea. Mtungi wa chuma wa lita 60 una uzito wa kilo 60 na ushee, kabla hujaweka gesi yake ya kilo kama 10. Ni sawa na kumbeba shemeji mmoja kwenye buti, mchana na usiku, mwaka mzima. Springi za nyuma zinalijua hilo. Breki zinalijua. Faili la bima halijui, limeandikwa "petroli".

Mfumo uliofungwa vizuri kwa mtungi wa kazi hiyo hasa, uliopimwa, ni salama; nchi nyingi zinautumia kwa mamilioni ya magari. Kwa hiyo kampuni ya bima haina sababu ya kukukataa ukisema. Itataka cheti cha aliyefunga, namba ya mtungi, pengine iongeze kiasi kidogo, kisha itoe karatasi ya nyongeza kwenye mkataba. Gari la karatasi linavaa mtungi. Lakini ukinyamaza, na siku moja likaungua hata kwa sigara ya abiria, mkadiria hasara akifungua buti atauona mtungi kabla hajaiona sigara.

Hapa nikiri, msikilizaji. Kijana wa Passo aliponirudishia swali, "Na wewe mzee, umewaambia?", nilijifanya sijasikia kwa sababu ya kelele za kompresa. Nilikuwa nimetembea na mtungi miezi minne na sijamwambia mtu.

Asubuhi yake nikampigia wakala wangu. Kijana mzuri, ana adabu. "Ah, mzee wangu, gesi haina shida, tembea tu." Nikamwambia nashukuru, sasa niandikie hayo maneno. Kimya. "Niandike vipi, mzee?" Andika tu kwamba kampuni inajua gari langu lina gesi na haina shida. Akasema atanipigia. Hakupiga. Jioni nikaandika barua pepe mwenyewe kwa kampuni, mistari minne, nikaambatisha cheti cha karakana. Jana wamejibu. Wanashukuru kwa taarifa, wanaomba picha ya maandishi yaliyogongwa kwenye bega la mtungi: namba, ujazo, presha, na tarehe ya mwisho kupimwa.

Basi jana usiku, baada ya chakula, tumetoka nje mimi na binti yangu. Tumetoa spea tairi, jeki, na gunia la mkaa ambalo sikumbuki liliingia lini. Yeye ananimulikia kwa simu, mimi nimeingiza kichwa ndani ya buti na kitambaa kibichi, nafuta vumbi. Namba ikaonekana. Ujazo ukaonekana, lita 60. "200 BAR," binti akasoma kwa sauti, akaniuliza ni bar za wapi. Tarehe haikuonekana. Fundi aliufunga mtungi upande wa tarehe ukitazama mgongo wa siti, na mikanda ya chuma imekazwa, huwezi hata kupitisha kidole. Jumamosi ninarudi karakana waugeuze.